Kanda 43 za Baba

Baba alipohamia kwangu Tabata, Dar es Salaam, mwaka juzi, baada ya kuteleza bafuni kule Kihonda, Morogoro, na kuvunjika nyonga, alikuja na mabegi mawili ya nguo na sanduku la bati. Mabegi aliyaacha dereva ayashushe. Sanduku alinikabidhi mwenyewe, akasema, "Hili usilitue chini, mama." Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Ndani mlikuwa na kanda 43. Nyingi za dakika 60, chache za 90, kila moja imeandikwa kwa mwandiko wake wa kulalia upande mmoja: jina la bendi, mwezi, mwaka. Morogoro Jazz. Cuban Marimba. NUTA. Dar International. Vijana Jazz. Mlimani Park. Ya kwanza ni ya mwaka 1974, mwaka alionunua redio kaseti baada ya kujibana miezi mingi na mshahara wa reli.

Nikaamua kuziingiza kwenye kompyuta. Nilidhani ni kazi ya wikendi mbili. Ilichukua miezi kumi na moja na ikala karibu shilingi laki tatu kabla hatujafika hata kwenye habari ya hospitali. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ilipotea kwa sababu sikuuliza, na kwa sababu nilikuwa na haraka. Kama kwenu kuna sanduku la namna hii uvunguni, na mwenye sanduku bado yupo, labda haya yatakusaidia.

Kosa la kwanza lilikuwa deki, ile mashine ya kuchezea kanda. Niliinunua Kariakoo, iliyotumika, kwa 85,000. Muuzaji aliiwasha, taa zikawaka, spidi ya mota ikasikika, nikalipa. Nyumbani Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji wa Morogoro Jazz, akawa anaimba kama mtu aliye ndani ya basi la barabara mbovu, sauti inapanda, inashuka. Mpira unaozungusha ulikuwa umelainika mpaka unanata vidoleni kama lami. Fundi alinitoza 15,000 kuubadilisha. Ukienda kununua deki, beba kanda yako usiyoionea uchungu na uicheze mpaka mwisho kabisa wa upande. Mpira uliochoka huficha ugonjwa wake mwanzoni mwa kanda. Ukifika mwishoni, gurudumu linalovuta limeshakuwa zito, ndipo unaanza kusuasua.

Kosa la pili bado linaniuma. Kwenye kanda ya Morogoro Jazz ya mwaka 1976, katika kuhangaika na vitufe gizani umeme ulipokatika na kurudi, nilibonyeza kile chekundu. Sekunde tisa zikafutika. Mgongoni mwa kila kanda kuna vijipande viwili vidogo vya plastiki, na ukivivunja kitufe cha kurekodi hakibonyezeki tena. Vivunje vyote kabla hujaigusa deki, hata kama una uhakika na mkono wako. Mimi sikulijua hilo, na baba hakuwahi kuvivunja kwa sababu zamani kanda ilikuwa ghali, na mtu alitaka abaki na nafasi ya kurekodi upya.

Nilikaa na siri hiyo wiki mbili. Nilipomwambia, aliuliza tu, "Sehemu gani?"

"Mwanzo wa wimbo, baba. Kabla hajaanza kuimba. Gitaa."

Akafumba macho. Akaliimba lile gitaa kwa mdomo, taratibu, bila kuruka hata noti, vidole vya mkono wa kushoto vikitembea juu ya fimbo yake. Akafungua macho. "Basi lipo," akasema, akaendelea na chai yake.

Mengine nayapitia haraka. Kanda yenye unga mweupe pembeni mwa utepe ina ukungu: usiicheze, maana ukungu utahamia kwenye hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma utepe, na kuambukiza kanda zitakazofuata. Ifungue nje ya nyumba, ujifunge barakoa, uisafishe pole pole kwa kitambaa laini kikavu. Kijisponji kilicho katikati, kile kinachosukuma utepe uguse hedi, kikidondoka sauti hupotea kabisa. Chukua cha kanda nyingine isiyo na thamani na ukigandishe. Kanda zenye skrubu tano hufunguka vizuri, lakini zile zilizogandishwa kwa gundi mpe fundi. Hedi isafishe kwa spiriti na vijiti vya pamba kila baada ya kanda tatu au nne. Usichomeke deki kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta mpakato kama nilivyofanya mimi kwa kanda tisa za kwanza. Sauti ilikwaruza na ikatoka upande mmoja tu, nikalazimika kuzirudia zote. Kifaa kidogo cha kuunganisha kwa USB kilinigharimu 45,000. Na usihifadhi kwa MP3 kwanza, maana hupunguza sauti ili faili liwe dogo. Hifadhi kwa WAV, faili lisilopunguza kitu, ambayo kwa saa moja hula kama MB 600, uweke nakala kwenye sehemu mbili zilizo katika nyumba mbili tofauti. Ya pili iko kwa kaka yangu Dodoma.

Sasa nije kwenye lile lililonifundisha zaidi ya yote.

Kila nilipomaliza kanda, nilimwekea baba asikilize. Na kila mara jibu lilikuwa moja: "Imefifia. Ile dawa imetoka." Nikarudi kwa fundi. Akabadilisha hedi, 30,000. Nikasoma kwamba kuna skrubu ndogo pembeni mwa hedi inayorekebisha ulalo wake, na kwamba ukiigeuza kidogo sana huku ukisikiliza, sauti nyembamba hufunguka. Nikaigeuza. Masikioni mwangu muziki ukang'aa, tarumbeta zikawa kama zimepigwa jana. Baba akatikisa kichwa. Nikanunua deki ya pili, nzuri zaidi, 120,000. Akatikisa kichwa tena. Siku hiyo nilimpandishia sauti: "Baba, kanda ni nzima kabisa! Unataka nini zaidi?" Hakunijibu. Alijishughulisha na kukunja kitambaa chake cha mkononi, mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo kama kiberiti.

Aliyegundua ni mwanangu wa miaka kumi na mmoja. Alikuwa amekaa chini karibu na spika, akasema zile sahani za ngoma zinamchoma masikio. Baba akauliza, "Sahani zipi?" Mtoto akadhani babu anatania. "Hizo, babu. Tss, tss, tss." Baba akasogeza kiti. Akasogeza tena. Akaweka sikio kwenye kitambaa cha spika. Halafu akanitazama, na nikaona kwamba ameelewa kabla yangu.

Kanda hazikuwa na tatizo lolote.

Kliniki ya masikio walianza kwa kutoa nta, nyingi kuliko nilivyotarajia, kisha wakampima ndani ya chumba kidogo kisichopitisha sauti. Mchoro ulioletwa ulianza juu kushoto, kwenye sauti nene, ukatembea vizuri hadi katikati, halafu ukaporomoka kuelekea kulia kama mteremko wa mlima. Daktari akatueleza kuwa masikio yanapozeeka, sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka: sahani za ngoma, ncha ya gitaa la solo, na zile herufi "s" na "f" zinazotenganisha neno moja na lingine. Ndiyo maana alikuwa anasikia kwamba tunazungumza ila hashiki tunachosema. Mimi nilikuwa nimeshaanza kudhani akili inachoka. Ningempeleka kupimwa masikio mwanzoni, ningeokoa deki ya pili, hedi, na maneno yale.

Vifaa vya masikioni, ambavyo wengine huviita shimesikio, viligharimu milioni mbili na laki mbili kwa pea. Tulichangishana watoto watatu kwa miezi minne. Kuna jambo ambalo hatukuambiwa, tuligundua wenyewe: vifaa hivi hutengenezwa kwa ajili ya maneno. Muziki ukipita, kifaa huweza kudhani saksafoni iliyovutwa ni mluzi wake chenyewe, kikajaribu kuuua. Wiki ya kwanza baba alisema bendi nzima inapiga chini ya maji. Tulirudi kliniki, tukaomba awekewe mpangilio wa pili wa kusikilizia muziki. Mwambie mtaalamu siku ya kwanza kabisa kwamba mzee wako anapenda muziki, na uende na wimbo anaoufahamu vizuri kwenye simu ili ajaribu hapo hapo.

Aliporudi na mpangilio mpya, tulianza kanda upya, kuanzia namba moja. Miezi ile ndiyo niliyomjua baba yangu.

Mimi nilikuwa nimepanga mafaili kwa jina la bendi: NUTA peke yake, JUWATA peke yake, OTTU peke yake, Msondo Ngoma peke yake. Baba alipoona orodha alicheka hadi akakohoa. "Hiyo nyumba ni moja, mama, wamebadilisha bango tu." Bendi ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, NUTA. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili. Akanifundisha kupanga kwa waimbaji na wapigaji, maana wao ndio waliohama. Mwimbaji Muhidini Gurumo alikuwa NUTA, akaenda kuianzisha Mlimani Park mwaka 1978, akapita Orchestra Safari Sound, akarudi tena Msondo. Baba aliweza kukuambia mwaka kwa kusikia tu nani anaitikia nyuma yake. Nikaanza kumrekodi na yeye kwa simu, akizungumza juu ya kanda, na mazungumzo hayo nimeyahifadhi pamoja na nyimbo. Ningeanza hivyo tangu siku ya kwanza. Kanda ingeweza kunisubiri.

Na kuna mambo ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyasahau. Zamani alikuwa anaweka redio kaseti mbele ya redio nyingine ya majirani yenye spika nzuri, kwa hiyo maisha ya uani yote yameingia. Jogoo. Ndoo inaburuzwa. Mtu anapiga hodi, na sauti ya kijana inajibu kwa kunong'ona kwa ukali, "Subiri, wimbo!" Kijana huyo ni baba, ana miaka 28. Kwenye kanda ya mwaka 1983 kuna mtoto mchanga analia, na sauti ile ile inasema, "Mtoeni nje huyo, anaanza kuimba." Mtoto huyo ni mimi.

Jioni moja mwanangu alituonyesha video ya mzee wa Kizungu anakimbia jukwaani mbele ya uwanja uliojaa. Mick Jagger, kwenye ziara ya Rolling Stones ya Marekani ya mwaka 2024. Baba hana habari na rock, lakini alitazama bila kupepesa macho. "Amezaliwa lini huyu?" Mtoto akatafuta: Julai 1943. Baba akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mbaraka alizaliwa 1944."

Mbaraka Mwinshehe alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Kijana wa Morogoro aliyefika hadi Osaka, Japani, kwenye maonesho ya dunia ya mwaka 1970. Baba alikuwa zamu stesheni redio ilipotangaza. Salum Abdallah wa Cuban Marimba naye alikuwa ameshakufa kwa ajali mwaka 1965. Hawa wawili, alisema, sauti zao hazikuwahi kuzeeka. Kila ukiwasha ni vijana wale wale, na wewe ndiye unayeota mvi. Ila kuwaona wanazeeka, akasema, angefurahi zaidi. Angependa kumsikia Mbaraka wa miaka 80, sauti imekwaruza, anaimba akiwa amekaa.

Nikapata wazo la kumpeleka kusikiliza wazee waliobaki. Nilikosea mambo mengi usiku ule. Nilimpeleka saa tatu, bendi ikaanza karibu na saa tano. Viti vya plastiki havina mikono ya kujishikia, na mtu mwenye nyonga ya chuma hawezi kuinuka. Nilimkalisha mbele kabisa kwa heshima, mita tatu kutoka spika, akalazimika kuvua vifaa vyake na kuvifunga kwenye kitambaa. Mara ya pili tulikwenda Jumapili alasiri, tukabeba kiti chetu, tukakaa ubavuni nyuma ya mstari wa spika. Nilikuwa nimeshakagua choo kina ngazi ngapi.

Mwimbaji kiongozi alikuwa amekaa kwenye stuli, kanzu ya kitenge, miguu imevimba juu ya viatu. Alipoanza wimbo ninaoujua kwa moyo kutoka kanda ya 31, nilihisi kifua kinashuka. Wimbo ulikuwa umeshushwa chini sana. Pale kwenye kanda sauti inapopanda na kusimama, yeye alinyoosha maikrofoni kwa watu na watu wakaimba wenyewe. Nilimtazama baba nikitegemea kuona huzuni ile ile.

Alikuwa ameinama mbele, kidevu juu ya fimbo. "Umeona anapovutia pumzi?" akaniambia. "Kabla ya neno la mwisho. Zamani alikuwa anavuta baada yake. Amehamisha pumzi yote ya wimbo, na hakuna aliyegundua." Kisha, kama mtu wa reli: "Treni ya mizigo haipandi mlima kwa mwendo wa abiria." Tangu hapo nikaanza kuona. Kijana wa gitaa la rithimu hakuondoa macho kwenye mabega ya mzee. Mabega yakishuka, bendi nzima inapunguza. Mpiga tarumbeta, mzee naye, alipiga vipande vifupi vifupi na kumwachia saksafoni nafasi ndefu. Mimi nilikuwa nimekuja kuitafuta kanda, kumbe watu hawa walikuwa wanapiga muziki mwingine, unaohitaji akili zaidi.

Wakati wa kutunza, baba aliomba noti. Nilimpa elfu kumi. Akasema, "Ongeza." Nikampa noti tatu. Alitembea na fimbo hadi kwenye stuli, hakubandika usoni wala hakurusha, alimshika yule mzee mkono kwa mikono yake miwili na kumwambia jambo sikioni. Walikaa hivyo muda mrefu.

Njiani nilimuuliza amemwambia nini. "Nimemwambia namlipa deni."

Akanieleza, na sikuwahi kulifikiria hilo. Kanda zote 43, hakununua hata moja yenye muziki ndani. Alinunua kanda tupu. Nyimbo alizichukua hewani kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, bure, kama walivyofanya maelfu ya watu. Bendi zilikuwa zinarekodi studio za redio, redio ilikuwa moja, na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri nchini hakikuwepo. Waliotaka santuri walikwenda Nairobi. Vyombo vilikuwa mali ya chama au shirika lililomiliki bendi, hivyo mwanamuziki aliyehama aliacha gitaa nyuma. Sheria ya hakimiliki iliyoleta COSOTA, chombo cha kusimamia haki za wasanii, ilitungwa mwaka 1999, wakati wengi wa watu wa kwenye kanda zake walikuwa wameshazeeka au wameshakufa. Gurumo alipostaafu mwaka 2013, Diamond Platnumz alimzawadia gari, na baba anasema siku hiyo alifurahi na kuona aibu kwa pamoja, kwa sababu kijana alikuwa anafanya kwa niaba ya wasikilizaji wote waliokaa kimya. Gurumo alifariki Aprili mwaka uliofuata.

Sasa ana daftari. Tukisikiliza kanda, anaandika majina ya waliopiga, mmoja mmoja. Anayejua ameshafariki anamwekea herufi M pembeni. Kurasa zimejaa M. Wasio na M tunaulizia: kwa wanamuziki wenzao, kwa mafundi vyombo, kwa wazee wa mtaa. Ukitaka kufanya hivi, mpigie mhusika kwanza au mtume ndugu yake. Mzee mmoja tulimvamia bila taarifa akiwa mgonjwa, mkewe akatupokelea mlangoni, na tulistahili. Beba kitu cha jikoni pamoja na bahasha, mchele au sukari, maana bahasha peke yake humfanya mtu mzima ajione anasaidiwa. Sisi tuna elfu hamsini kwa mwezi, haizidi hapo. Mpaka leo tumewafikia wanne.

Wa nne alikuwa mpiga tarumbeta, mbele ya nyumba ya udongo na bati kule Mbagala. Meno ya mbele hayapo, kwa hiyo tarumbeta hapigi tena. Nilikuwa nimeweka kanda ya 27 kwenye simu na spika ndogo. Aliposikia kipande chake alisimamisha mkono hewani, vidole vitatu vikibonyeza vali zisizokuwepo. Tulisikiliza mpaka mwisho, na jogoo wa Morogoro wa mwaka 1981 akawika mahali pake.

"Hapo katikati nilichelewa kuingia," akasema.

Baba akamgeukia. "Miaka arobaini nausikiliza, mzee mwenzangu. Sijawahi kusikia umechelewa."

"Nilichelewa." Akaomba tuirudishe. Tukairudisha. Akacheka, akafuta macho kwa kiganja, kisha akaniuliza kama ningeweza kumwachia huo wimbo, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuwa nao.

Simu yake ilikuwa ya vitufe, haina nafasi. Mjukuu wake akakimbia kuazima flashi kwa jirani.